Mahali pa Kuzaliwa: Kigoma

Nimeishi Kalundu miaka thelathini na moja, na katika miaka hiyo yote sikuwahi kukosa mtu wa kunifundisha njia ya mkato. Kila mara serikali ilipofungua vituo vya kuandikisha wapiga kura, jirani fulani angenijia barazani, mimi nikiwa kwenye cherehani, na kuniambia kwa sauti ya chini: nenda na mashahidi wawili, waseme ulizaliwa hapa, upewe karte ya mpiga kura, mambo yaishe. Hawakuwa na nia mbaya. Walitaka nami niwe na kitu cha kumwonyesha askari, kama walivyonacho wao. Nami kila mara nilijibu lile lile, kwamba sikuzaliwa hapa. Nilizaliwa Kigoma, ng'ambo ya ziwa, kusini, katika nyumba ya udongo nyuma ya reli, na aliyenizaa hakuwahi kukanyaga Kongo hata siku moja. Kuandika kwamba nilizaliwa Kalundu kulikuwa sawa na kumchukua mama yangu akiwa na uchungu, kumvusha maji, na kumlaza mahali asipopajua. Sikuwa tayari kumfanyia hivyo kwa ajili ya karatasi.

"Basi utakaa mugeni mupaka kufa," jirani mmoja, muuza ndagala, dagaa wa ziwani, aliniambia siku moja akiwa amechoka nami.

"Nitakaa," nilimjibu. "Lakini nitakaa."

Mume wangu alikuwa fundi wa injini za maboti. Tulikutana Kigoma, wakati boti alilokuja nalo lilipoharibika na kukaa bandarini wiki tatu likisubiri kipuri. Nilikuwa na miaka ishirini na miwili, nashona kwenye kibaraza cha shangazi yangu karibu na soko. Aliniletea ovaroli iliyochanika gotini. Nikaishona. Baada ya siku mbili akairudisha, imechanika palepale. Mara ya tatu niliitazama vizuri nikaona pamekatwa kwa kisu. Nikamwambia, "Kaka, nguo hii haikuchanika, imechanwa." Akacheka mpaka shangazi akatoka ndani kuangalia kuna nini. Mwaka uliofuata nilivuka naye. Tulifunga ndoa kanisani Kalundu, kisha tukaenda kuiandikisha kwa serikali, kwa sababu yeye alikuwa mtu wa kupenda kila jambo liwe na karatasi yake.

Kwa hiyo haikunishangaza kwamba yeye ndiye aliyelianzisha jambo la uraia. Ilikuwa Jumapili, tumetoka kanisani, tunakula, watoto wetu watatu wameshakuwa watu wazima na kila mmoja yuko kwake. Akanawa mikono, akaniangalia.

"Weye hautaki kudanganya," alisema. "Basi tuombe uraia kwa mulango wa mbele. Tuone kama watatufungia."

Alienda mjini kuuliza, akarudi na orodha ndefu na maelezo. Sheria, walivyomweleza, ilikuwa hivi: mgeni aliyeoana na Mkongo anaweza kuomba uraia baada ya miaka saba ya ndoa, mradi siku ya kupeleka maombi wawe bado wanaishi pamoja. Ajue lugha moja ya Kongo. Awe mtu wa mwenendo mzuri. Na akubali kuacha uraia wake mwingine, maana Kongo haitaki mtu awe na nchi mbili. Sisi tulikuwa tumeoana zaidi ya miaka ishirini. Kukusanya vyeti kulituchukua karibu mwaka mzima. Siku tuliyopeleka dosye, jalada la maombi, mume wangu alitia saini chini ya saini yangu, tukapewa barua yenye kashe, muhuri wa serikali, na tarehe kuthibitisha kwamba imepokelewa. Akaiweka kwenye mfuko wa plastiki akaufunga kwa uzi wangu wa kushonea.

Kisha tukangoja. Dosye zilikuwa zinakwenda Kinshasa, na Kinshasa ni mbali hata kwa ndege. Tulipokuwa tunangoja, ziwa lilipanda likaingia kwenye nyumba za chini za Kalundu, yetu ikiwa mojawapo. Nilibeba cherehani kichwani, yeye akabeba ule mfuko wa plastiki ndani ya shati. Miezi mitano tulikaa kwa watu mlimani. Maji yaliposhuka tulirudi, tukapaka kuta upya, tukanunua godoro. Na tulikuwa hatujamaliza hata mwaka ndani ya nyumba ile mpya-kuukuu alipofariki. Presha. Aliinama juu ya injini asubuhi akaanguka, na kabla hawajamfikisha hospitali alikuwa ameshatutoka. Sitasema zaidi juu ya siku ile. Ninayo, lakini si ya kuandika.

Siku ya kumaliza kilio, jamaa wote wakiwa wamekaa uani kwetu, mdogo wake mume wangu alisimama kusema. Shemeji yangu huyu ni mtu wa maneno machache, mchukuzi wa siku nyingi pale bandarini, mabega kama mlango.

"Shemegi," aliniambia, akimtaja kaka yake kwa neno la kwao, "yaya amekufa. Ile dosye nayo imekufa. Sasa weye uko Mutanzania tu. Parsele hii irudi kwa jamaa."

Parsele ni kiwanja, na kiwanja chetu kilikuwa nyumba, uani, na kibaraza ninachoshonea. Shemeji akaendelea, na hapa sauti yake ikawa laini kidogo. Hakutaka kunifukuza, alisema. Angenisaidia kupata karte. Yeye mwenyewe angekuwa shahidi wangu, angesema kwamba mimi ni dada yao, nilizaliwa hapahapa Kalundu. Kisha kiwanja kiandikwe kwa jina lake, mimi nikae humo hadi mwisho wangu.

Nataka kumtendea haki. Alikuwa ameona viwanja vya majirani vikiuzwa na wajane, wajane wakaondoka, na jamaa wakabaki wanatazama ukuta wa mtu wasiyemjua. Alidhani na mimi nitauza nipande boti. Lakini sikuweza kunyamaza.

"Shemeji," nilimwambia, "miaka yote hii nilikuwa mke wa kaka yako. Leo kaka yako hayupo, unataka niwe dada yake?"

Mtu mmoja alicheka, kisha wote wakaangalia chini. Shemeji alikaa. Tangu siku ile tuliishi avenii moja, mtaa mmoja, kama watu wawili wanaopishana kwenye ubao mwembamba.

Simu kutoka mjini ilikuja nikiwa nimeshaacha kuitegemea. Mwanamume aliuliza kama mimi ndiye mama fulani, akasema dosye yangu imefikia hatua za mwisho, nifike biro, ofisini kwao, kwa mahojiano na nije na vyeti vyote. Nilimpigia binti yangu, ambaye ni mwalimu wa shule ya msingi Kiringye, huko kwenye tambarare ya Ruzizi. Alikuja kesho yake kwa moto, pikipiki ya abiria. Alikuwa amenakili sheria ya uraia kwa mkono kwenye daftari la mwanafunzi, mistari ya Kifaransa kwa wino wa buluu na chini yake Kiswahili kwa wino mwekundu. Tulisoma siku mbili. Mimi nilikuwa mwanafunzi mbaya kwa sababu kila kifungu kilinipa hasira.

"Mama," alinisihi asubuhi ya kwenda, "ukifika kule sema kama sisi. Usitoe ile Swahili yako ya Kigoma."

Naijua Swahili ya Kalundu. Naisema kila siku sokoni na hata nikiota ndoto naota nayo. Lakini njiani kuelekea biro nilijiuliza kwa nini mtu aulizwe yeye ni nani, halafu ajibu kwa mdomo wa mtu mwingine.

Afisa alikuwa mwanamume wa makamo, miwani imefungwa pembeni kwa waya, meza imejaa dosye zilizovimba kwa unyevu. Karani wake alikaa nyuma ya kompyuta karibu na dirisha. Afisa alinikaribisha vizuri, akaniuliza jina, umri, kazi, nami nikamjibu kwa Kiswahili alichonifundisha mama yangu. Baada ya majibu matatu aliweka kalamu chini.

"Mama, kuko shida. Sheria inaomba luga ya Kongo. Hii unasema ni Swahili ya Tanzania."

"Sheria inasema lugha moja ya Kongo, bwana shefu. Kiswahili kimo."

"Kimo, ndiyo. Ya kwetu."

"Na hii umeielewa?"

"Nimeelewa."

"Neno lipi halikueleweka?"

Karani alikohoa. Afisa alivua miwani, akaifuta kwa shati, akaivaa tena.

"Hauwezi kusema kama batu ba hapa?"

"Naweza," nikamwambia. "Kila siku miye nasema vile na batu ba Kalundu, na hakuna mwenye anashindwaka kunisikia. Lakini leo umeniita nijieleze mimi mwenyewe. Nimejieleza kwa ulimi niliozaliwa nao. Ukitaka kuandika kwamba sijui Kiswahili, andika, nitatia saini, wacha Kinshasa wasome."

Hakuandika. Aligeuza ukurasa kwa nguvu kidogo, akafika kwenye ndoa.

"Mume wako amekufa."

"Ndiyo."

"Basi hamuishi pamoja tena. Na sheria inasema…"

Nilifungua daftari la binti yangu. Nikamwonyesha mstari mwekundu, kisha nikafungua ule mfuko wa plastiki, nikatoa barua yenye kashe. "Sheria inasema siku ya kupeleka maombi. Siku ile alikuwa hai. Alikaa hapo, kwenye kiti kama hiki. Hii hapa saini yake."

Alisoma barua. Akasoma daftari. Aliuliza nani ameandika.

"Mtoto wangu. Mkongo."

"Lakini sasa mume hayuko," alisema, si kwa ubishi, kama mtu anayefikiri kwa sauti.

"Hayuko. Alikufa akiwa mume wangu."

Akapiga kashe kwenye ukurasa ule. Nilidhani tumemaliza. Akamwambia karani achape maelezo yangu nitie saini, na yeye akatoka nje kuongea na simu.

Karani alichapa kwa vidole viwili. Alipoleta karatasi, aliiweka mbele yangu na kunionyesha kwa kidole mahali pa saini. Nikasoma kuanzia juu, kwa sababu mume wangu alinifundisha kwamba karatasi husomwa kuanzia juu. Mstari wa nne ulisema nilizaliwa Kalundu.

"Hapa umekosea," nilimwambia.

"Sikukosea, mama." Aliinama, akanong'ona. "Nimekusaidia. Dosye ikifika kule juu na neno Kigoma, mutu ataanza maswali. Hii itapita teketeke."

"Ninaomba uraia, baba. Kama nilizaliwa Kalundu, na wazazi wa Kalundu, ninaomba nini?"

Alifikiri. Nadhani hakuwa amelifikiria. Lakini alikuwa ameshachapa, na mtu aliyekwisha kuchapa kwa vidole viwili hapendi kuchapa tena. Akasema nitie saini tu, kila mtu anafanya hivyo. Nilirudisha kofia ya kalamu mahali pake nikailaza juu ya meza. Afisa aliporudi, karani alimweleza. Afisa alisoma ule mstari wa nne, akanigeukia.

"Mama, unajitafutia shida."

"Shida ninazo tangu zamani. Kitu ambacho sina ni karatasi inayosema kweli."

"Basi rudi siku ingine."

Sikurudi siku nyingine. Nilitoka nikakaa kwenye benchi la mbao nje ya mlango wake, mfuko wa plastiki mapajani. Saa sita umeme ulikatika, kwa hiyo hata wangetaka kuchapa wasingeweza. Saa tisa walifunga, nikaenda nyumbani. Asubuhi nilikuwa pale kabla ya mfagiaji. Siku ile niliambiwa afisa yuko kwenye mkutano, nami nikasema nitangoja mkutano uishe. Nilikuja na suruali za wateja, nikawa nashona mapindo kwa mkono. Watu walionipita walidhani mimi ndiye fundi wa biro, na mwanamke mmoja akaniuliza kama naweza kumpunguzia sketi. Nikampunguzia.

Siku ya tatu, karibu saa nne, karani alitoka mwenyewe. Aliniwekea karatasi mapajani juu ya suruali ya mtu. Mahali pa kuzaliwa: Kigoma, Tanzania. Nilisoma yote kuanzia juu mpaka chini, taratibu, na yeye amesimama. Kisha nikatia saini palepale kwenye benchi.

Bado kulikuwa na uchunguzi wa mtaani. Wiki mbili baadaye afisa yule alikuja Kalundu pamoja na shefu wa avenii, wakawa wanauliza nyumba hadi nyumba kama ninajulikana. Nilibaki kwenye cherehani, utepe wa kupimia shingoni, nikijifanya nashona. Niliwasikia wakimsimamisha shemeji yangu akipita na mkokoteni.

"Huyu mama unamujua?"

"Namujua. Iko mugeni," shemeji alisema, kwa sauti ya mtu wa bandarini, avenii nzima isikie. "Mume wake alikufa. Hapa hana kitu tena."

Niliinuka. Sijui nilikusudia kusema nini, lakini sikuwahi kusema, kwa sababu yule jirani yangu muuza ndagala, aliyekuwa anageuza samaki wake kwenye neti upande wa pili, alinitangulia.

"Mugeni gani?" alipaza sauti. "Batoto bangu bane banavaa uniforme gani kama si ya huyu? Maji yakiingia, nani alishona maturubai ya avenii hii? Mugeni anashonea batu turubai?"

Wengine wakaja. Kila mtu akawa anasema lake, na mambo mengine waliyosema sikuyakumbuka hata mimi. Afisa aliinua mkono.

"Tabia yake iko namna gani?"

"Tabia?" Jirani yangu alinitazama. "Iko na kichwa ngumu. Hajuake kunyamaza."

Afisa aliandika. Mpaka leo sijui aliandika nini. Shemeji alisukuma mkokoteni wake akaenda zake bila kugeuka.

Hatua iliyobaki ndiyo niliyokuwa naiogopa. Niliambiwa nipeleke barua ya kuacha uraia wa Tanzania na nirudi na uthibitisho. Kabla ya kwenda nilimpigia dada yangu mkubwa Kigoma, ndugu pekee niliyebaki naye. Nilimweleza polepole. 

"Kwa hiyo unawakana watu wako," alisema.

"Simkani mtu, dada."

"Unamkana mama kaburini."

"Nimekaa siku tatu kwenye benchi wasimwandike uongo huyo mama. Usiniambie namkana."

"Mama hakuhitaji benchi lako. Alihitaji uje kumzika."

Hapo alinipata. Mwaka ambao mama alifariki kulikuwa na mapigano, hakuna boti lililokuwa linatoka, na nilifika kaburi limeshaota majani. Dada anajua hivyo, na mimi najua kwamba anajua, na bado neno lile lilikaa. Hatukuagana vizuri.

Nilivuka mpaka wa Burundi pale Kavimvira asubuhi, nikafika Bujumbura kwenye ubalozi wa Tanzania na nguo yangu ya kanisani. Msichana wa dirishani alikuwa na Kiswahili safi cha nyumbani, cha watu ambao sijaishi nao tangu ujana wangu. Aliposoma barua alinitazama kwa upole ulionichoma.

"Una uhakika, mama?"

"Hapana," nilisema. "Lakini nipe kalamu."

Nilitia saini kwa hasira. Naandika hivi kwa sababu watu hupenda kusikia kwamba nilitia saini kwa furaha, au kwa machozi. Nilikuwa na hasira na nchi mbili kwa pamoja, kila moja ikinitaka niseme kwamba ile nyingine si kitu. Moja ilinizaa, nyingine imemlaza mume wangu. Kama ningepewa nafasi ya kuandika maoni yangu chini ya saini ningeandika hayo, lakini fomu haikuwa na mstari wa maoni.

Amri ya kunipa uraia ilitoka Kinshasa baada ya muda mrefu, muda wa kushona uniforme za mwaka mmoja wa shule na kuanza za mwaka mwingine. Niliitwa biro. Binti yangu alikuja, na jirani yangu muuza ndagala akafunga biashara yake akaja pia bila kuombwa, amevaa kitenge kipya. Afisa alisimama, nami nikasimama. Alinisomea tamko kwa Kifaransa, la kuitii nchi na sheria zake, akanitaka nirudie baada yake. Nilirudia, Kifaransa changu cha kutoka kwenye madaftari ya watoto kikichechemea. Kisha nikaomba nilirudie tena kwa Kiswahili.

"Haiko lazima, mama," alisema.

"Najua. Ninataka kusikia ninachoapa."

Akaniruhusu. Nilipomaliza alinipa mkono, na kwa mara ya kwanza tangu tujuane alicheka. Alisema katika kazi yake yote hajawahi kuona mtu akibishania kuzaliwa mbali. Nikamwambia sikuwa nabishania kuzaliwa, nilikuwa nabishania kuandikwa.

Kiwanja sasa kiko kwa jina langu na la watoto. Nilimpelekea shemeji nakala ya hati mimi mwenyewe, nikamkabidhi mkononi mbele ya mkewe, nikamwambia siuzi, na nikifa ataona nimezikwa wapi. Aliipokea, akaikunja na kuitia mfukoni. Ananisalimia siku hizi, kwa kichwa tu, akiwa na mzigo begani. Dada yangu hajapiga simu. Mimi humpigia kila Jumamosi; siku nyingine anapokea, tunaongelea mvua.

Mwezi uliopita nilikwenda Kiringye kumsalimu binti yangu. Karibu nusu ya njia kulikuwa na kizuizi, kamba yenye vipande vya mifuko ya plastiki, na askari wawili kivulini. Mmoja alimwambia dereva wa moto azime, akanyoosha mkono kwangu. Nikampa cheti changu cha uraia, nakala niliyoiweka ndani ya plastiki ngumu.

Alikisoma kwa midomo. "Kigoma," alisema. "Mama, weye uko mugeni. Shuka."

"Soma mstari wa chini."

"Nimesema shuka."

"Goti linauma, na karatasi haijaisha. Soma mstari wa chini, kisha ukiona bado kuna sababu, nitashuka."

Nilihisi mgongo wa dereva ukikakamaa mbele yangu. Askari alinitazama, kisha akatazama karatasi, na akasoma: raia wa Kongo. Alisoma mara mbili. Akamwita mwenzake, naye akasoma.

"Banakupatia hivi hivi?" aliuliza, na sasa alikuwa anauliza kweli.

"Hivi hivi hapana. Niliomba, wakachelewa, nikangoja."

Alinirudishia. Mwenzake alishusha kamba. Tulipofika kwenye mashamba ya mpunga dereva alipumua, akaniambia kwamba siku nyingine atanichukua akiwa ameshaaga kwao.

Binti yangu alikuwa amepika wali na maharage. Nilipomsimulia, aliweka sahani chini kwa kishindo. "Mama, yule iko na bunduki! Ungeshuka, ungekufa?" Alisema maneno mengi, mengine ya baba yake kabisa, kwamba kichwa changu kitanimaliza, kwamba karatasi haizuii risasi. Yote yalikuwa kweli na sikumpinga. Nilimwambia aniongezee maharage. Akaongeza, bado anagomba.